Ulimi wa nguruwe wapanga bei, gharama ya tegu yabaki kwa mgonjwa

BIASHARA ya nguruwe katika vijiji vya Mbozi, mkoani Songwe, huanza kwa mieleka. Mchuuzi akishafika nyumbani kwa mfugaji na kuridhika na ukubwa wa mnyama, wanaume wawili au watatu humwangusha nguruwe chini. Mmoja humkalia mbavuni, mwingine humpenyezea kijiti katikati ya taya, na mchuuzi mwenyewe huushika ulimi kwa kitambaa, akauvuta nje na kuupapasa upande wa chini kwa kidole. Kelele za mnyama husikika nyumba kadhaa mbele. Kazi yote haizidi dakika chache, lakini ndiyo inayoamua kama kaya hiyo italipa ada ya mtoto na deni la mbolea msimu huu, au itasubiri.

Anachokitafuta mchuuzi ni vivimbe vidogo vyeupe, vingine kama punje ya mchele, vingine vikubwa kiasi cha njegere. Hivyo ni vifuko vya maji, na ndani ya kila kimoja mna kichwa cha mnyoo aina ya tegu anayengoja kuliwa. Kidole kikivigusa, bei hushuka, pengine hadi nusu, au mchuuzi hupanda pikipiki yake na kwenda kwa jirani. Hakuna risiti, hakuna daktari wa mifugo, wala hakuna anayeandika popote kwamba nguruwe mgonjwa amepatikana katika kijiji hicho.

Swali ambalo haliulizwi pale uani ni nguruwe aliyekataliwa anakwenda wapi. Hafukiwi. Mwenyewe amemlisha miezi minane au zaidi, na hakuna atakayemrudishia gharama ya pumba. Kwa hiyo mnyama huchinjwa nyuma ya nyumba na nyama kugawanywa kwa mafungu kwa majirani, au huuzwa kwa bei ya kutupa kwa mchinjaji mwingine anayepeleka kwenye kilabu cha pombe jioni, mahali ambapo mlaji haulizi mhuri. Nyama iliyokataliwa na mchuuzi wa mjini huliwa kijijini, na mara nyingi huliwa na watu wa kaya ile ile iliyomfuga.

Jambo hili si la Mbozi peke yake. Mwaka 1993 jarida la Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha utafiti kutoka milima ya Peru, Amerika ya Kusini, ulioonyesha hali inayofanana na hii kwa karibu kila kitu. Huko nako wafugaji na wachuuzi walikagua ulimi kabla ya safari, na nguruwe wenye vifuko hawakufika kabisa kwenye machinjio rasmi, bali walipitia soko la pembeni. Mkaguzi wa nyama aliyekuwa akiwasubiri machinjioni angeweza kujaza daftari lake mwaka mzima akiamini kwamba ugonjwa haupo.

Hiyo ndiyo kasoro ya msingi katika vita dhidi ya tegu wa nguruwe nchini. Soko lina kipimo chake na linakitumia kila siku, lakini kazi ya kipimo hicho ni kumlinda mchuuzi asipate hasara, basi. Hakimlindi mlaji wa kijijini, hakimsaidii mfugaji kujua kosa liko wapi, na hakigusi kabisa gharama kubwa zaidi ya ugonjwa huu, ambayo haimo kwenye nyama.

Na biashara yenyewe si ndogo tena. Sensa ya kilimo ya mwaka 2019/20 ilihesabu nguruwe wapatao milioni 3.2 nchini. Kitimoto, jina ambalo kila mtaa wa Dar es Salaam una hadithi yake ya lilikotoka, kimetoka kwenye vibanda vya kificho na kuingia kwenye baa zenye maegesho ya magari. Sehemu kubwa ya nguruwe hao hutoka Nyanda za Juu Kusini, yaani Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na Ruvuma, na wengine Manyara. Kwa kaya isiyo na ng'ombe, nguruwe ni akiba inayozaa upesi kuliko zote. Jike mmoja anaweza kutoa watoto wanane au kumi kwa uzao mmoja na kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na hahitaji eneo la malisho. Ndiyo maana wanawake wengi wa vijijini huanzia hapo.

Nguruwe anaambukizwa na mtu

Vijijini watu wengi wanajua kwamba nyama yenye vifuko ni mbaya. Wasichokijua wengi ni namna ugonjwa unavyozunguka, na kutojua huko kumefanya lawama yote iangukie nguruwe.

Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko ambayo haikuiva vizuri, kichwa cha tegu hujishikiza kwenye utumbo wake na kukua kwa miezi miwili au mitatu hadi kuwa mnyoo mwenye urefu wa mita kadhaa. Mtu huyo huenda asihisi chochote. Hapati homa, hakondi kiasi cha kuonekana, pengine huona tu vipande vyeupe vya pingili katika choo. Lakini kila pingili iliyokomaa hubeba mayai yanayofika maelfu kwa maelfu, na mayai hayo yakitoka na kinyesi yanaweza kukaa hai kwenye udongo wenye unyevu kwa wiki na miezi.

Nguruwe akila kinyesi hicho, au majani, maji na pumba vilivyochafuliwa nacho, mayai huanguliwa tumboni mwake, na viluilui vyake huingia kwenye damu na kusambaa katika misuli, ulimi, moyo na ubongo, ambako hugeuka kuwa vifuko. Mzunguko umekamilika. Nguruwe hawezi kumpa nguruwe mwenzake ugonjwa huu. Kila nguruwe mwenye vifuko ni ushahidi kwamba kuna mtu karibu na banda hilo, au karibu na maji yanayotumika, ambaye ana tegu tumboni na anajisaidia mahali ambapo hapakufunikwa.

Sasa inakuja sehemu inayowachanganya hata wasomi. Mayai yale yale yakimezwa na mtu, kwa mikono isiyonawishwa, kwa mboga mbichi au kwa maji ya mto, mwili wa mtu huyapokea kama mwili wa nguruwe unavyoyapokea. Vifuko hujengeka chini ya ngozi, kwenye misuli, kwenye macho, na kwa hatari kubwa zaidi, kwenye ubongo. Wataalamu huuita ugonjwa huo sistiserkosisi. Kwa hiyo kula kitimoto kisichoiva humpa mtu tegu wa tumboni, lakini vifuko vya kichwani hutokana na mayai yaliyotoka kwa binadamu, ama yeye mwenyewe au mwingine anayeishi naye au anayempikia.

Maana yake ni kwamba asiyekula nguruwe hayuko salama kwa sababu hiyo peke yake. Mfano unaotajwa sana katika vitabu vya tiba ni wa jiji la New York, ambako miaka ya 1990 na 1991 watu wanne wa jumuiya ya Wayahudi wanaoshika dini, ambao hawagusi nyama ya nguruwe, walikutwa na vifuko kwenye ubongo. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa ndani waliotoka nchi zenye ugonjwa huo. Katika kijiji cha Mbozi au Mbulu hahitajiki mgeni kutoka mbali. Mama lishe mmoja mwenye tegu anatosha.

Gharama isiyomo katika bei ya kilo

Kifuko kilichokaa kwenye ubongo kinaweza kunyamaza kwa miaka. Balaa huanza kinapoanza kufa na mwili kukigundua. Eneo hilo huvimba, na mtu mzima aliyekuwa na afya njema, mkulima wa kahawa au dereva wa bodaboda, huanguka kifafa kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Wengine huumwa kichwa kisichosikia dawa, wengine hupofuka. WHO inakadiria kwamba katika maeneo yenye maambukizi mengi, takriban asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wamekipata kutokana na vifuko hivi. Hicho ni kifafa ambacho kingeweza kuzuiwa.

Nchini Tanzania ushahidi mzuri ulitoka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu. Watafiti waliwapiga picha za CT za ubongo wagonjwa 212 wa kifafa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba karibu 18 kati ya kila 100 walikuwa na alama za vifuko. Huko Mbozi, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima damu watu zaidi ya 800 wa vijijini na kukuta kwamba kama mmoja kati ya sita alikuwa na dalili za kuwa na vifuko hai mwilini wakati huo. Wenye tegu tumboni walikuwa kama 5 kati ya kila 100. Watano wanaonekana wachache, lakini hao ndio kiwanda cha mayai ya kijiji kizima.

Picha ya CT hufanyika katika hospitali kubwa, mbali na vijiji vinakofugwa nguruwe. Mgonjwa wa kawaida haifikii. Hupewa dawa ya kudhibiti kifafa kwenye zahanati, ikiwapo, au hupelekwa kwa mganga kwa kuwa ugonjwa wenyewe bado unahusishwa na kurogwa. Mtoto huachishwa shule kwa hofu kwamba povu linaambukiza. Mwanamke huanguka jikoni na kuungua. Mwanaume hukatazwa kupanda juu ya paa, kuendesha pikipiki, kuvuka mto peke yake. Yote hayo ni kazi isiyofanyika, na hakuna daftari la biashara ya nguruwe linaloiandika.

Kuna waliojaribu kuiandika. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017, yakitumia takwimu za mwaka 2012, yalionyesha kwamba watu wapatao 17,853 nchini walikuwa na kifafa kilichotokana na vifuko vya tegu, na kwamba 212 kati yao walikufa mwaka huo. Watafiti wenyewe waliweka mapana makubwa, kutoka chini ya watu 6,000 hadi zaidi ya 36,000, na ni haki msomaji ajue hivyo. Gharama ya kifafa hicho ilikadiriwa kuwa takriban dola milioni 5 za Marekani, wakati hasara upande wa nguruwe ilikadiriwa kuwa karibu dola milioni 3. Kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha mwaka ule, ni karibu shilingi bilioni 8 kwa upande mmoja na chini kidogo ya bilioni 5 kwa upande wa pili.

Takwimu hizo mbili zikiwekwa pamoja ndipo tatizo la kiuchumi linapoonekana. Sehemu kubwa ya hasara inaangukia kaya za wagonjwa na zahanati, na sehemu ndogo tu ndiyo inayomgusa mwenye nguruwe siku ya kuuza. Hata hiyo ndogo haimfiki kila mwenye nguruwe mgonjwa, kwa kuwa ukaguzi wa ulimi huwanasa wale walioathirika sana tu. Utafiti uliopima nguruwe 600 wa Mbeya Vijijini na Mbozi na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba kipimo cha damu kiliwaonyesha karibu 3 kati ya kila 10 kuwa na maambukizi, wakati ulimi uliwafichua wachache zaidi kwa mbali. Kipimo hicho cha damu nacho huweza kudanganywa na tegu wa aina nyingine, lakini hata ukipunguza kwa sababu hiyo, nguruwe wengi wenye vifuko hupita mkononi mwa mchuuzi wakiwa wazima machoni pake, wakalipiwa bei kamili na kupelekwa mjini.

Mfugaji anapiga hesabu yake

Tofauti na homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo huweza kumaliza banda zima ndani ya siku chache, tegu hamuui nguruwe. Mnyama mwenye vifuko hula, hunenepa na huzaa. Mfugaji haoni kitu mpaka siku ya ulimi. Ukimwambia ajenge banda bora, anunue pumba kwa mwaka mzima, achanje na kunywesha dawa, unamwomba atoe fedha leo ili kuzuia hasara ambayo huenda isimpate yeye, na faida kubwa itakwenda kwa mtu mwingine ambaye hataanguka kifafa miaka mitano ijayo. Huo ni wema, lakini si biashara, na haifai kumlaumu mtu maskini kwa kutofanya wema wa gharama kubwa.

Ndiyo sababu nguruwe hufunguliwa. Wakati mazao yapo shambani hufungiwa, maana akiingia kwenye mahindi ya jirani faini yake ni kubwa kuliko pumba. Mavuno yakiisha, chakula cha banda kinapokuwa ghali, huachwa atafute mwenyewe. Kipindi hicho cha kiangazi ndicho anachozunguka nyuma ya nyumba, kwenye migomba na kando ya mashamba, kule kule wanakojisaidia watoto na vibarua. Vyoo vipo katika kaya nyingi, lakini vingi havina mlango wala paa, na nguruwe huingia. Shambani hakuna kabisa.

Kufungia peke yake nako si jibu kamili. Nguruwe wa bandani hupata maambukizi pia pale anapoletewa maji ya mto, majani yaliyokatwa kando ya kijito, au anapohudumiwa na mtu mwenye tegu ambaye hakunawa. Maofisa ugani wamekuwa wakihubiri banda kwa miaka mingi kana kwamba ukuta wa mbao unazuia mayai ya mnyoo.

Chanjo ipo, mnunuzi hajulikani

Kwa bahati nzuri, upande wa nguruwe sayansi imeshafanya kazi yake, jambo ambalo haliwezi kusemwa kwa magonjwa mengi ya mifugo Afrika. Chanjo iitwayo TSOL18, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, wakiongozwa na Profesa Marshall Lightowlers, ilijaribiwa vijijini kaskazini mwa Cameroon ikiambatana na dawa ya minyoo ya oxfendazole. Matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba hakuna hata nguruwe mmoja aliyechanjwa aliyekutwa na vifuko, wakati karibu mmoja kati ya watano wa wale wasiochanjwa alikuwa navyo. Chanjo hiyo sasa hutengenezwa na kampuni ya Indian Immunologicals ya India kwa jina la Cysvax.

Mgawanyo wa kazi kati ya hivyo viwili ni muhimu mfugaji auelewe. Chanjo humkinga nguruwe asipate vifuko vipya lakini haiondoi vilivyopo. Dawa huua vilivyopo, lakini nyama huchukua miezi kadhaa kusafika, kwa hiyo kumnywesha nguruwe wiki mbili kabla ya kumuuza ni kupoteza fedha, na zaidi ya hapo kuna muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa kabla nyama haijaruhusiwa kuliwa. Chanjo inahitaji dozi mbili za mwanzo, zikipishana wiki tatu au nne, na haivumilii kukaa nje ya jokofu. Katika kijiji ambacho duka la pembejeo lina umeme wa kukatika, sharti hilo la mwisho ni kikwazo kuliko bei.

Njia moja ya kuiuza inaonekana wazi, ingawa wataalamu wa afya hawaipendi sana kwa kuwa haina utukufu. Oxfendazole huua pia minyoo mingine ya tumboni inayomdumaza nguruwe. Mfugaji anayeona nguruwe wake akiongezeka uzito baada ya kunyweshwa dawa ana sababu ya kuinunua tena kwa fedha yake, hata kama hajawahi kusikia neno tegu. Kinga ya mgonjwa wa kifafa ingesafiri ndani ya chupa ya kunenepesha.

Elimu nayo imepimwa. Kati ya tafiti za Profesa Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), upo uliofanyika wilayani Mbulu, ambako kaya zilifundishwa kuhusu mzunguko wa tegu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba maambukizi mapya kwa nguruwe yalipungua kwa takriban asilimia 43, na ulaji wa nyama yenye vifuko nao ulipungua. Lakini vyoo na mabanda havikubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Watu walibadilisha kile ambacho hakikuwagharimu, na hapo ndipo hesabu ya mfugaji inaporudi.

Kwingineko wamekwenda mbali zaidi kwa kumtibu mtu na nguruwe kwa pamoja. Katika mkoa wa Tumbes, kaskazini mwa Peru, mradi uliohusisha watu zaidi ya 81,000 na nguruwe zaidi ya 55,000 ulikata maambukizi katika vijiji 105 kati ya 107, kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2016. Zambia, inayopakana na Songwe, ilijaribu katika Mkoa wa Mashariki kuwatibu watu, kuwatibu na kuwachanja nguruwe, na kutoa elimu, kwa muda wa miaka miwili, na matokeo ya mwaka 2020 yakaonyesha kwamba uenezaji wa tegu unaweza kusimamishwa hata katika kijiji cha Kiafrika chenye nguruwe wanaozurura. Miradi yote hiyo ililipiwa na wafadhili. Hakuna hata mmoja uliotegemea mfuko wa mfugaji.

Nchini, dawa ya praziquantel hutolewa shuleni kwa ajili ya kichocho, na inaua tegu wa tumboni pia. Tafiti zilizofanyika Mbozi na Mbeya katika miaka ya 2010 zilionyesha kwamba ugawaji huo ukirudiwa hupunguza idadi ya wenye tegu. Tahadhari ni moja nayo si ndogo: mtu mwenye vifuko kwenye ubongo akimeza dawa hiyo anaweza kuanguka kifafa, kwa kuwa dawa hufika hadi huko. Niclosamide, ambayo haitoki kwenye utumbo, haina hatari hiyo.

Nani alipe, basi? Wizara ya mifugo humwona nguruwe asiyeugua, na wizara ya afya humwona mgonjwa wa kifafa asiye na picha ya ubongo. Dawati la Afya Moja katika Ofisi ya Waziri Mkuu, lililozinduliwa mwaka 2018, lilianzishwa ili kuunganisha wizara kama hizo. Lakini wataalamu walipokutana mwaka 2017 kuchagua magonjwa sita ya kipaumbele yanayoambukiza kati ya wanyama na watu, walichagua kichaa cha mbwa, homa ya Bonde la Ufa, mafua ya wanyama, kimeta, malale na brusela. Tegu wa nguruwe hakuwamo. Yeye hana mlipuko wa kutangazwa redioni. WHO kwa upande wake, katika mpango wake wa miaka ya 2021 hadi 2030, imelenga nchi 17 ziwe zimeimarisha udhibiti wa ugonjwa huu katika maeneo yaliyoathirika zaidi.

Mwenye fedha katika mnyororo huu yuko mjini. Mwenye baa anayechukua nguruwe kadhaa kila wiki ndiye anayeweza kuongeza kiasi kidogo kwa kilo ikiwa atahakikishiwa kwamba mnyama alichanjwa, na ndiye anayepata hasara mteja akiona punje nyeupe kwenye sahani. Ili hilo liwezekane panahitajika hereni ya sikio au kadi ya chanjo inayosafiri na nguruwe kutoka Mbozi hadi Dar es Salaam, na machinjio ambamo mkaguzi anaipokea na kuilinganisha na mzoga. Bodi ya Nyama Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, ina mamlaka juu ya mnyororo huo. Vikundi vya wafugaji vinavyouza kwa pamoja vingeweza kuanza hata bila bodi, kwa kuwa mnunuzi mmoja mkubwa aliyeridhika hushinda mabango kumi ya afya.

Mpaka hapo patakapofikiwa, mfugaji wa Mbozi aliyenunua chanjo, akalipia jokofu la duka, akasubiri wiki zote nne na kurudia dozi, atampeleka nguruwe wake uani siku ya mchuuzi, naye ataangushwa chini, atatiwa kijiti mdomoni na kuvutwa ulimi kama wengine. Akikutwa safi, atalipwa bei ile ile aliyolipwa jirani ambaye hakufanya lolote na ambaye vifuko vya nguruwe wake vimejificha mahali ambapo kidole hakifiki.